Kipindi cha Dini kwa Mtoto Asiyeweza Kukataa

Mtoto aliyeletwa bwenini na afisa ustawi wa jamii, mwilini nguo alizovaa na mkononi mfuko wa rambo wenye daftari moja, hatakuuliza kama ni lazima aende kanisani. Atakwenda. Wenzake wakipiga magoti naye atapiga, wakifanya ishara ya msalaba atawatazama kwa pembe ya jicho na kuwafuatisha, hata kama bibi yake kule Pawaga alikuwa akimwamsha alfajiri kuswali. Hakuna aliyemlazimisha. Ila ameshaona kwamba aliyempa blanketi ndiye anayeongoza sala, na kwa akili yake ya miaka tisa amepiga hesabu zake.

Hesabu hizo ndizo ninazotaka tuzizungumze, mwalimu mwenzangu unayefundisha dini kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu: yatima, waliotelekezwa, wenye ulemavu, waliotoka mitaani, waliookolewa kwenye kazi za ndani. Tukisema elimu jumuishi, wengi wetu tunafikiria njia za viti vya magurudumu, maandishi ya nukta nundu na lugha ya alama. Hayo ni ya lazima. Lakini kwenye kipindi cha dini kuna kizuizi kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni shukrani. Mtoto anayekula, kulala na kuvaa kwa mkono wako hana ubavu wa kukuambia hapana. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa dini katika shule ya namna hii ni kumrudishia mtoto ubavu huo, na kumfanya aamini kwamba akikataa, uji wa asubuhi ataukuta palepale.

Nayasema haya nikiwaza Tosamaganga, kilometa kama 15 kutoka Iringa mjini, si mbali na Kalenga ilikokuwa ngome ya Mkwawa. Wamisionari Wabenediktini walifika huku mwishoni mwa karne ya 19. Wakonsolata kutoka Torino wakaipokea kazi mwaka 1919, na baadaye wakaja Masista Wateresina, shirika la hapahapa, ambao wamelea watoto wa vizazi vingi. Kanisa, hospitali, kituo cha yatima na shule vimekaa jirani. Sina neno baya juu ya historia hiyo. Pasipokuwa na mwingine wa kutibu na kufundisha, misheni ilitibu na kufundisha. Matokeo yake lakini ni kwamba kichwani mwa mwenyeji wa huku, msaada na dini vimekuwa kitu kimoja. Mzee akikuambia amelelewa na misheni, anataja kwa mpigo mmoja chakula, kalamu na ubatizo.

Huenda zamani jambo hilo halikuleta tatizo kubwa, kijiji kizima kikiingia ukatekumeni pamoja. Leo darasa moja linaweza kuwa na Mkatoliki, Mlutheri wa KKKT, Mwanglikana wa Dayosisi ya Ruaha, Msabato, mlokole, Mwislamu, na mtoto ambaye kwao hakuna ibada aliyowahi kuiona isipokuwa tambiko la ukoo. Tena wengi wamefika shuleni kwa njia ya msiba. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.3 Iringa na 11.4 Njombe, na Mbeya 9.3, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Nyuma ya tarakimu hizo kuna bibi wanaolea wajukuu, na kuna watoto ambao hata bibi hawakubaki naye.

Anza na daftari la mahudhurio, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu anasimama mbele ya darasa na kusema, "Wakristo upande huu, Waislamu upande ule." Mtoto mmoja anabaki katikati, hajui aende wapi, na darasa zima linamtazama. Usifanye hivyo hata siku moja. Muulize kila mtoto peke yake, mkiwa mnatembea au mnachambua maharage, na usimuulize dini yake ni ipi. Muulize nyumbani walikuwa wanasalije, nani alikuwa anasali, sikukuu gani walikuwa wanapika. Ukitoka hapo muulize aliyemleta, mjomba au shangazi, au mtendaji wa kijiji. Wala usisome dini kwenye jina. Katika familia nyingi za Wahehe utamkuta Hamisi aliyebatizwa na Mariamu anayefunga Ramadhani, watoto wa tumbo moja, na kwao si ajabu. Pale usipopata jibu andika "haijulikani" na uache hivyo. Nafasi iliyo wazi kwenye fomu haimdhuru mtoto. Linalomdhuru ni dini aliyopachikwa na karani ili fomu ijae.

Sheria iko upande wako katika hili. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini yake. Na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una kifungu ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila ofisi ya kituo cha yatima: ibara ya 20 inaelekeza kwamba mtoto aliyekosa malezi ya familia yake alelewe kwa kuzingatia alikotoka, yaani dini, utamaduni na lugha yake. Kwa mtoto aliyempoteza mama na baba, sala aliyofundishwa na mama inaweza kuwa ndiyo mali pekee aliyorithi. Nyumba iliuzwa na baba mdogo, shamba likachukuliwa. Sala imebaki. Mwalimu akiifuta kwa nia njema, amemfanya yatima mara ya pili.

Sasa kipindi chenyewe. Ndani ya neno "dini" tunachanganya kazi tatu ambazo ni vizuri zitengane. Ya kwanza ni ibada: misa, swala, mfungo. Ya pili ni malezi ya imani, yaani katekesi, madrasa, shule ya Jumapili, ambako mtoto anajifunza dini yake ili aiishi. Ya tatu ni maarifa kuhusu dini, ambapo mtoto wa Kikristo anajua Idi ni nini na mtoto wa Kiislamu anajua Pasaka ni nini, bila yeyote kuombwa aamini cha mwenzake. Afrika Kusini walizitenganisha waziwazi katika sera yao ya dini na elimu ya mwaka 2003, baada ya miaka ya shule zilizofundisha dini moja kana kwamba nchi nzima ni ya dini hiyo. Kwetu, shule za serikali zina utaratibu wa siku nyingi: kipindi kinatengwa, watoto wanagawanyika, kila kundi linapata mwalimu wake, na mtihani wa kidato cha nne una Bible Knowledge na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Ni utaratibu mzuri. Unavunjika pale ambapo kundi moja lina watoto hamsini na jingine lina mmoja.

Huyo mmoja ndiye kipimo chako. Nimeona mara nyingi anavyotendewa: kengele ya dini ikilia, wenzake wanaingia darasani, yeye anatumwa kuchota maji au kufagia chini ya mikaratusi. Hakuna aliyekusudia kumwadhibu, lakini mwezi wa pili ameshaelewa kwamba dini yake ni kazi ya ufagio, na mwezi wa tatu anaomba mwenyewe kuingia na wenzake. Kisha tunasema amependa. Mtafutie mwalimu. Iringa mjini kuna misikiti na walimu wa madrasa. Zungumza na BAKWATA mkoa, na nauli ya bodaboda ya ustadhi iingie kwenye bajeti ya shule pamoja na chaki. Asipoweza kufika kila wiki, afike mara mbili kwa mwezi, na wiki nyingine mtoto apewe kitabu, meza na mtu mzima wa kukaa naye. Ni hivyohivyo kwa Mkristo aliye peke yake katika kituo cha Waislamu kule pwani, na kwa Msabato ambaye Jumamosi shule nzima inakwenda shambani. Huyo wa Jumamosi mpe zamu ya Jumapili mchana, mambo yameisha. Si suala la kuitisha kikao.

Nikitoka kwenye ratiba ninaingia kwenye somo lenyewe, na hapa naomba tukae kwa muda.

Masomo mengi ya dini yameandikwa kwa mtoto mwenye nyumba. Mwalimu anafundisha kwamba Mungu ni Baba, anatupenda kama baba zetu wanavyotupenda. Mbele yake kuna msichana ambaye baba ndiye aliyemvunja mkono. Nani atamlaumu akimwogopa Mungu huyo? Usilifute fundisho, lifungue. Sema kwamba wapo baba wazuri na wapo baba walioumiza watoto wao, na kwamba Mungu tunayemzungumzia hafanani na yule aliyekuumiza. Kisha tafuta mlango mwingine. Hajiri, mama yake Ismaili, alihangaika jangwani akitafuta maji ya mwanawe. Yusufu aliuzwa na ndugu zake wa damu. Musa alilelewa na watu wasiokuwa wazazi wake, na Mtume Muhammad alizaliwa baba yake amekwisha kufa, na mama yake akafariki yeye angali mtoto wa miaka kama sita. Mtoto wa kituo akisikia kwamba watu wakubwa wa dini walikuwa yatima, wakimbizi na watoto wa kulelewa, ananyanyua kichwa. Hadithi hizo nyingi ziko kwenye Biblia na kwenye Qurani pia, kwa hiyo zinakupa hata somo la pamoja ambalo hakuna atakayehitaji kutoka nje.

Amri ya kuheshimu baba na mama nayo inataka uangalifu. Nimemsikia mwalimu akiwaambia watoto kwamba asiyemtii mzazi hatafanikiwa maishani, na darasani mlikuwa na mtoto aliyekimbia nyumbani kwa sababu walitaka kumwoza. Kuheshimu si kunyamazia uovu. Mtoto asikie kutoka kinywani mwako, kwa maneno ya wazi, kwamba kumshitaki mtu mzima anayemdhuru si dhambi, hata kama ni baba, mjomba, mchungaji, padri, shehe au mwalimu. Sema "au mwalimu". Nyamaza kidogo ili waione maana yake.

Halafu kuna pombe. Huku kwetu ulanzi unagemwa msimu wa mvua na komoni haina msimu, na mama wengi wasio na mume wanasomesha kwa debe la pombe. Somo la ulevi likifundishwa kwa moto wa jehanamu, mtoto ambaye daftari lake limenunuliwa kwa hela ya komoni atakaa akijiuliza kama yeye na mama yake wamekwisha hukumiwa. Fundisha madhara ya ulevi, maana watoto wenyewe wameyaona zaidi yako. Usimhukumu muuzaji ambaye hukumpa mtaji wa kazi nyingine.

Ugonjwa na ulemavu ndiyo sehemu inayoumiza kuliko zote. Kila mwaka mwalimu anafika kwenye hadithi ya kipofu aliyeponywa au kiwete aliyeinuka akatembea, na kwenye dawati la mbele kuna mtoto mwenye magongo. Wenzake wanageuka kumtazama. Wengine wanamuuliza bwenini usiku kama imani yake ni ndogo. Fundisha hadithi hiyo ukianzia upande mwingine: mbele ya Yesu umati ulikuwa unamwambia kipofu anyamaze, na mtu wa kwanza kumsikiliza ndiye aliyebadilisha mambo. Uliza darasa, ni nani hapa shuleni tunayemwambia anyamaze? Na useme bila kuzunguka kwamba mtoto hazaliwi na ulemavu, wala na ualbino, wala na VVU, kwa dhambi ya mtu. Katika Injili ya Yohana wanafunzi waliuliza swali hilohilo kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, na wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Mwalimu Mkristo ana kibali hicho mkononi. Mwalimu Mwislamu anayo sura nzima, Abasa, ambamo Mtume anakumbushwa kwa ajili ya kipofu aliyekuja kuuliza na hakupewa uso.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Watoto wetu wengine wanameza dawa za kufubaza virusi kila siku, kwa saa ileile. Hakuna sala, mfungo, mkesha wala mchungaji mgeni mwenye mamlaka ya kugusa ratiba hiyo. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walivyopanga foleni Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mmoja kwa shilingi 500. Wagonjwa waliacha vitanda vya hospitali na wengine wakaacha dawa. Mtoto hawezi kuchagua kati ya mhubiri na kidonge. Wewe ndiye unayesimama katikati. Mwezi wa Ramadhani mtoto wa Kiislamu aliye kwenye dawa atatamani kufunga kama wenzake, na hapo mwite ustadhi amweleze mwenyewe kwamba Uislamu umemsamehe mgonjwa, na kwamba asiyebaleghe hajafaradhishiwa. Neno hilo likitoka kwa daktari peke yake atadhani ananyimwa. Likitoka kwa mwalimu wake wa dini, atakula kwa amani. Aliye mzima na anayetaka kufunga apikiwe daku, na futari yake ihifadhiwe kwenye hotipoti. Jikoni wapo watakaonung'unika. Nenda jikoni mwenyewe ukaongee na mama wapishi, na ukiwa huko angalia pia kama siku za kitimoto kuna chungu na mwiko mwingine.

Yako mambo ya mapepo, ambayo kila mwalimu wa bweni la wasichana anayajua. Mmoja anaanguka akipiga kelele, wa pili anafuata, kufikia jioni ni kumi na watano. Mara anaitwa mtu wa maombezi, mara mganga. Mwaka 1962, katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, watoto walishikwa na kicheko kisichozuilika. Wasichana 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala kirusi, na tangu hapo kisa hicho kinatajwa duniani kama mfano wa hofu na msongo vinavyoambukizana ndani ya kundi lililobanwa. Wasichana wetu wamebanwa kuliko wale. Anapoanguka mmoja, mtenge kwa upole, mahali pa kimya, na mtu mzima mmoja anayemwamini. Wengine warudi kwenye shughuli zao. Kama ni kifafa, kuna dawa hospitalini. Baadaye, siku ikitulia, mwulize kilichotokea wiki ile. Huwa kuna jambo. Maombezi ya kelele mbele ya kundi zima yanaongeza wanaoanguka, na yanamwacha mmoja na jina la mwenye pepo hadi amalize shule. Kumwombea mtoto si kosa. Mwombee kwa sauti ya chini, kwa ridhaa yake, na kwa sala ya dini yake.

Kipindi cha dini kina jambo jingine ambalo kipindi cha hesabu hakina: watoto wanasema. Unafundisha juu ya msamaha, na mmoja anauliza kama ni lazima kumsamehe mtu anayekuja usiku. Ukisikia hivyo, usiendelee na somo mbele ya wenzake, na usikimbilie kumwambia asamehe. Mshukuru kwa swali, mkutane baadaye mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, msikilize bila kumhoji kama polisi, na usimwahidi kwamba utaficha. Kisha peleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya watoto 116 inapigwa bure. Mtuhumiwa akiwa mtu wa dini, mwendo ni uleule. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa kikao cha wazee wa kanisa au wa msikiti.

Wageni nao. Shule za watoto wetu zinaishi kwa wafadhili, na wafadhili wanapenda kuona matunda. Mtoto anasimamishwa mbele, anaeleza wazazi walivyokufa, anamshukuru Mungu na mgeni, watu wanalia, picha zinapigwa. Tunaita ushuhuda. Naomba tuuache. Historia ya mtoto ni yake, na anayeisimulia ili shule ipate magodoro anafundishwa kwamba machozi yake yana bei. Wageni waimbiwe, waonyeshwe bustani na madaftari, na sala ya kuwashukuru isomwe na mwalimu. Mgeni akitaka kuhubiri, mwombe andiko na hoja zake mapema, na watoto wa dini nyingine wawe na shughuli ya maana wakati huo, tena ya kufurahisha, kama mpira. Mfadhili mwenye moyo safi ataelewa. Anayekasirika kwa sababu Waislamu wanacheza mpira wakati yeye anahubiri amekuonyesha mapema anatafuta nini.

Huenda utapata upinzani kutoka kwa wenye shule. Usiende kwao na maneno ya mikataba ya kimataifa peke yake. Zungumza nao kwa lugha ya nyumbani kwao. Kwa paroko unaweza kutaja kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa mwaka 1965 tamko zima juu ya uhuru wa dini, na jingine juu ya uhusiano na dini zisizo za Kikristo, na yote mawili yanawahusu hata walio bwenini. Kwa shehe unayo aya ya al-Baqara inayokataza kulazimishana katika dini. Watu wa dini hawapendi kufundishwa dini na watu wa nje, lakini wakikumbushwa yao wanasikiliza. Na mazungumzo yafanyike mapema, kabla ya ugomvi. Kule Isiolo, nchini Kenya, suala la hijabu katika shule ya kanisa lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu yake Januari 2019. Wasichana walioanza nayo walikuwa wameshakua. Mezani kwa mwalimu mkuu jambo kama hilo lingemalizwa kwa chai.

Nimebakiza gumu zaidi. Siku moja mtoto uliyemtunza vizuri, uliyemwitia ustadhi na kumhifadhia futari, atakuja kukuambia anataka kubatizwa. Au yule uliyemlea katika katekesi atasema anataka kusilimu kwa sababu rafiki yake mkubwa ni Mwislamu. Utafurahi au utaumia, kutegemea na dini yako. Usionyeshe lolote kati ya hayo mawili. Muulize ameliwaza tangu lini na nani mwingine anajua. Watafute ndugu zake, hata kama ni shangazi mmoja aliyeko Makambako asiyepokea simu hadi jioni. Kisha mwombe asubiri: likizo moja ipite, akiweza aende kwa ndugu, arudi, na asilazimike kulitaja jambo hilo tena ikiwa limempita. Katika muda huo usimwongezee chochote wala usimpunguzie, si nafasi kwenye kwaya, si viatu, si jina la upendo. Kabla hajaondoka kwenda likizo, kaa naye pamoja na mwalimu mkuu, mwambieni mbele ya mlezi wa bweni kwamba abatizwe asibatizwe, asilimu asisilimu, kitanda chake, ada yake na nafasi yake mezani havitaguswa. Andikeni ahadi hiyo kwa Kiswahili anachoweza kukisoma mwenyewe, mwalimu mkuu atie sahihi, nakala moja iwekwe kwenye faili lake na nyingine apewe mtoto akae nayo. Akirudi muhula ukifunguliwa bado anataka, hapo ndipo utakapompeleka kwa katekista au kwa ustadhi, naye aanze mafundisho ya mwanzo kabisa, kwa mwendo wa kila mtu.